Farasi aliyetulizwa hajalala

Kila siku, katika mabanda ya farasi kuanzia Muscat na Dubai hadi Newmarket nchini Uingereza na Kentucky nchini Marekani, farasi huchomwa sindano za kuwatuliza ili waweze kuhudumiwa bila purukushani. Hupigwa picha za eksirei, meno yao husawazishwa kwa tupa, majeraha yao hushonwa, kwato zao hutiwa viatu vya chuma, na baadhi yao hata hupasuliwa wakiwa wamesimama kwa miguu yao minne.

Kwa sehemu kubwa kazi hiyo humalizika salama. Lakini mambo yanapokwenda kombo, huenda kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kufikiri. Mnyama mwenye uzito wa kilo 500 huanguka kinyumenyume, au hupiga teke wakati kila aliyepo anaamini kwamba amesinzia. Aliye karibu zaidi na hatari hiyo, mbali na farasi mwenyewe, ni yule aliyeshika kamba, yaani saisi.

Sababu za ajali hizo zimechunguzwa kwa miongo kadhaa, na nyingi hazitokani na ubaya wa dawa yenyewe. Hutokana na mahali sindano ilipoingia, hali aliyokuwa nayo farasi alipochomwa, dawa nyingine aliyokuwa amepewa, na dhana kwamba mnyama aliyeinamisha kichwa hana habari na kinachotendeka nyuma yake.

Kwa nini asilazwe kabisa?

Msomaji huenda akauliza kwa nini farasi mkorofi asipewe tu nusukaputi, akalala, akahudumiwa. Jibu ni kwamba kumlaza farasi ni hatari kuliko kumlaza mbwa, paka au binadamu.

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha zaidi ya farasi 41,000, ulionyesha kwamba karibu asilimia 1.9 ya farasi waliopewa nusukaputi walikufa katika muda wa siku saba. Hata walipoondolewa katika hesabu wale waliopasuliwa kwa sababu ya msokoto wa tumbo, ambao hufika kwa daktari wakiwa tayari taabani, kiwango kilibaki asilimia 0.9. Matokeo ya awali ya uchunguzi mwingine wa aina hiyo, yaliyotolewa mwaka 2021, yalitaja kiasi cha asilimia moja kwa wanyama waliolazwa na asilimia 0.2 kwa wale waliotulizwa wakiwa wamesimama.

Uzito wa farasi ndio adui yake. Akilala kwa muda mrefu, misuli ya upande wa chini hubanwa na kukosa damu, na mapafu hayafunguki ipasavyo. Anapozinduka, silika humwamuru asimame upesi kabla ya kupata nguvu za kutosha, naye anaweza kuvunjika mguu akijaribu kuinuka. Kwa hiyo madaktari wa mifugo hupendelea, inapowezekana, kumtuliza akiwa wima. Hatari ni ndogo, lakini ipo.

Dawa zenyewe

Dawa zinazotumiwa zaidi ni za jamii moja: zailazini, detomidini na romifidini. Ya kwanza kati yao, zailazini, ilitengenezwa nchini Ujerumani mwaka 1962 na kampuni ya Bayer, iliyokuwa ikitafuta dawa ya shinikizo la damu kwa binadamu. Iliwalegeza watu kupita kiasi, ikaachwa kwa matumizi hayo, na ikahamia kwa wanyama.

Dawa hizi huzinyamazisha zile neva zinazomwaga noradrenalini, kemikali inayoufanya mwili uwe macho na tayari kukimbia. Dakika chache baada ya sindano ya mshipani, kichwa cha farasi huinama, mdomo wa chini hulegea, kope hushuka, naye hutanua miguu ili asiyumbe.

Ndani ya mwili mabadiliko ni makubwa zaidi. Moyo wa farasi mzima aliyetulia hupiga kiasi cha mara 28 hadi 44 kwa dakika. Baada ya dawa, mapigo hushuka chini ya hapo, na mengine hurukwa kabisa, hata anayesikiliza kwa mara ya kwanza akadhani moyo umesimama. Shinikizo la damu hupanda kwanza, kisha hushuka. Matumbo hunyamaza. Sukari katika damu huongezeka, na figo hutoa mkojo mwingi. Farasi wengi hutokwa na jasho.

Hayo yote yanatarajiwa. Saisi aliyeelezwa mapema hashtuki, wala hapigi kelele zitakazomshtua mnyama. Asiyeelezwa huweza kufanya yote mawili, na ni jambo la kusikitisha kwamba katika mabanda mengi maelezo hayo hutolewa kwa mwenye farasi, si kwa mtu anayemshika.

Lipo jambo moja linaloonekana dogo lakini huleta shida. Farasi hana uwezo wa kupumua kwa kinywa. Pumzi yake yote hupita puani. Kichwa kikining'inia chini kwa muda mrefu, damu hukusanyika katika pua, utando wa ndani huvimba, na mnyama huanza kukoroma. Dawa ni rahisi: kichwa kiinuliwe na kuegemezwa juu ya kitu imara. Akikoroma kwa nguvu huku mbavu zikifanya kazi kubwa, daktari aambiwe papo hapo.

Farasi mwenye homa, au aliyesimama katika joto kali lenye unyevu kama lile la pwani ya Ghuba wakati wa kiangazi, anaweza kuanza kupumua harakaharaka baada ya dawa hizi, kwa kuwa zinavuruga uwezo wa mwili kujirekebishia joto. Kivuli, upepo na maji ya baridi mwilini husaidia.

Dawa nyingine ya zamani ni asepromazini. Hii hutuliza wasiwasi lakini haiondoi maumivu, na hutanua mishipa ya damu. Kwa farasi mwenye afya si tatizo kubwa. Kwa farasi aliyepoteza damu nyingi, kwa mfano aliyegongwa na gari au kuchanwa na seng'enge, inaweza kumwangusha, kwa sababu mishipa iliyotanuka haina damu ya kuijaza. Mara nyingi huyu ndiye farasi ambaye mtu mwenye huruma hutamani kumtuliza haraka kuliko wote.

Asepromazini ina athari nyingine inayohusu madume, wawe wazima au waliohasiwa. Uume hulegea na kujitokeza, na kwa kawaida hurudi wenyewe baada ya saa chache. Kwa nadra haurudi. Huvimba, hujeruhika, na farasi wa thamani kubwa huwa hafai tena kwa mbegu. Madaktari wengi kwa hiyo huikwepa wanapomhudumia dume la kupandisha.

Mshipa usio wake

Katika ajali zote zinazotokana na sindano hizi, hakuna inayotisha kuitazama kama ile ya dawa kuingia katika ateri badala ya vena.

Sindano nyingi huchomwa shingoni, katika vena kubwa iitwayo jugula, inayorudisha damu kutoka kichwani kwenda moyoni. Vena hiyo hupita katika mfuo unaoonekana wazi kando ya koo. Ukibanwa kwa kidole gumba, mshipa hujaa na kutokeza juu ya kidole. Lakini ndani zaidi, chini ya vena hiyo, hupita ateri ya karotidi, inayotoa damu moyoni na kuipeleka kwenye ubongo. Mishipa miwili inayopakana, mmoja unashuka na mwingine unapanda.

Dawa ikiingia katika vena, hufika kwanza moyoni, huchanganyika na damu nyingi, hupita mapafuni, ndipo husambazwa mwili mzima. Inapofika kwenye ubongo imekwisha zimuliwa. Ikiingia katika ateri, safari hiyo yote haipo. Kipimo kilichokusudiwa mnyama wa kilo 500 humiminika, kwa sekunde chache, ndani ya ubongo usiofika hata kilo moja.

Aghalabu farasi hujibu kabla bomba la sindano halijamalizika. Hutupa kichwa juu, macho humtoka, misuli hukakamaa, kisha huanguka na kupiga miguu kama mwenye kifafa. Wengine hurudi nyuma kwa nguvu na kupinduka. Aliyesimama kati ya farasi na ukuta hana pa kwenda.

Dawa iliyokwisha kuingia haiwezi kurudishwa. Watu hutakiwa kuachia kamba na kutoka, vitu vyenye ncha viondolewe, mwanga na kelele vipunguzwe, na daktari aidhibiti degedege mara atakapoweza kumkaribia mnyama kwa usalama. Iwapo kilichoingia ni kiasi kidogo cha dawa inayoyeyuka katika maji, kama zailazini, farasi wengi huinuka baadaye na kupona. Dawa zilizotengenezwa kwa viyeyushi vya mafuta huacha madhara makubwa zaidi.

Kinga yake ni ya ufundi wa mikono. Katika theluthi ya juu ya shingo kuna msuli unaozitenganisha vena na ateri, na hapo ndipo mafundi wa kazi hii hupendelea kuchoma. Kadiri mtu anavyoshuka kuelekea kifuani ndivyo mishipa hiyo miwili inavyokaribiana. Sindano huingizwa kwanza peke yake, bila bomba, ili damu itazamwe. Damu ya vena ni nyeusi na hutiririka polepole. Damu ya ateri ni nyekundu ya kung'aa na huruka kwa kufuata mapigo ya moyo. Sindano nyembamba mno hudanganya, kwa kuwa hata damu ya ateri hudondoka tu kupitia tundu lake dogo. Na farasi akitikisa kichwa baada ya damu kutazamwa, kazi huanza upya.

Ndiyo maana katika nchi nyingi sindano ya mshipani ya dawa hizi huachiwa daktari. Sheria hiyo huonekana na wenye farasi kama gharama isiyo ya lazima, hasa pale ambapo daktari yuko mbali na jirani ana chupa kabatini.

Mateke

Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke. Farasi aliyetulizwa naye anayo yake, tena bila onyo lolote.

Dawa za jamii ya zailazini humfanya mnyama aonekane kama gogo, lakini hazimwondolei hisia za mguso. Wakati mwingine ngozi ya miguu ya nyuma huonekana kuwa nyepesi zaidi kuhisi. Farasi aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa dakika kumi hurusha teke moja, la haraka na la shabaha, kisha hurudi katika usingizi wake wa bandia. Ishara za kawaida, kama kulaza masikio au kuhamisha uzito, hazitangulii. Kwa sababu hiyo madaktari huongeza dawa ya jamii ya afyuni iitwayo butofanoli, inayopunguza mshituko huo, ingawa nayo ikizidi au ikitolewa peke yake huweza kumfanya farasi atikise kichwa na kuzungukazunguka bila kutulia.

Jambo jingine ni hali ya farasi kabla ya sindano. Mnyama aliyekwisha kufukuzwa uwanjani, akabanwa na kupigiwa kelele, ana adrenalini nyingi mwilini, na dawa haifanyi kazi yake ipasavyo. Mwenye mali huona hajatulia, huagiza sindano ya pili, kisha ya tatu. Hatimaye adrenalini hupungua, dawa zote hushika kwa pamoja, na farasi huyumba mpaka akaanguka juu ya fundi wa kwato. Dakika tano au kumi za kumwacha kimya baada ya sindano ya kwanza zingetosha.

Kosa hilohilo hutokea kwa dawa ya kuwekwa chini ya ulimi. Detomidini hutengenezwa pia kwa sura ya ute mzito, ambao mwenye farasi anaweza kuutumia bila sindano. Hupenya kupitia utando wa kinywa na huhitaji kiasi cha dakika 40. Ikimezwa, sehemu kubwa huharibiwa na ini na haifanyi kazi. Fundi akianza kugonga misumari baada ya dakika kumi, atalaumu dawa.

Zisizopatana

Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Ulaya walianza kuripoti vifo vya ghafla vya farasi waliokuwa wametulizwa kwa detomidini, kisha wakachomwa mshipani dawa ya bakteria ya mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu. Moyo ulipoteza mpangilio wake na mnyama akaanguka. Kila moja ya dawa hizo ilikuwa ikitumiwa kwa kawaida. Ubaya ulikuwa katika kukutana kwao. Onyo hilo limeendelea kuandikwa katika karatasi za maelezo ya dawa, na ndilo linalofanya swali la daktari, "amepewa nini tangu jana?", listahili kujibiwa kwa ukweli hata kama jibu litamwaibisha mtu.

Vipimo navyo vina mtego wake. Farasi wa kilo 500 anaweza kupewa miligramu 500 za zailazini, lakini kwa detomidini miligramu tano hadi kumi zinaweza kutosha. Anayehesabu kwa mililita bila kusoma jina na nguvu ya dawa iliyo chupani anacheza na moto.

Kwa wasomaji walio Afrika Mashariki, ambako mbung'o na maradhi mengine yamewafanya farasi wawe wachache na ambako daktari wa mifugo huwahudumia ng'ombe zaidi, tofauti iliyo muhimu ni nyingine. Ng'ombe huhisi zailazini kiasi cha mara kumi zaidi ya farasi. Kipimo kinachomsimamisha farasi kwa utulivu kitamlaza ng'ombe chini, na huenda asiamke. Punda huenda upande wa pili: yeye na nyumbu anayezaliwa na punda na farasi huhitaji mara nyingi kipimo kikubwa kuliko farasi kwa kila kilo ya uzito, na msuli mnene wa shingo yake hufanya vena iwe ngumu kuipata. Kisiwani Lamu, ambako punda ndiye mchukuzi wa mji na ambako shirika la Donkey Sanctuary lilifungua kliniki mwaka 1987, tofauti hizi ni mambo ya kazi ya kila siku.

Baada ya kazi

Hatari haiishi pindi daktari anapofunga mkoba wake. Farasi aliyetulizwa hamezi vizuri. Akiachiwa nyasi kavu au pumba, anaweza kukabwa kooni, na chakula kikaingia mapafuni. Huondolewa chakula chote mpaka awe macho kabisa, na matumbo yaliyonyamazishwa yaanze tena kusikika. Kumpakia kwenye gari la safari akiwa bado anayumba ni kumtafutia kuvunjika.

Msokoto wa tumbo unahitaji neno lake. Zailazini huondoa maumivu hayo kwa muda mfupi na kwa ufanisi mkubwa, na kwa sababu hiyo hiyo huficha ugonjwa. Mapigo ya moyo ndiyo kipimo kimoja kikubwa anachokitegemea daktari kuamua kama farasi apelekwe kupasuliwa. Mwenye farasi aliyemchoma sindano kabla ya kupiga simu amekifuta kipimo hicho, na saa zinazopotea katika ugonjwa huu hazirudi.

Ipo dawa ya kuzimua athari za jamii ya zailazini, iitwayo atipamezoli, na nyingine mbili au tatu za aina hiyo. Hutolewa kwa tahadhari, maana huondoa pia utulivu na ahueni ya maumivu kwa pamoja, na farasi anaweza kuamka akiwa na hofu kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo mwanzo.

Na mtu je?

Dawa hizi humwathiri binadamu pia. Kiasi kidogo cha detomidini kikiruka jichoni, kikigusa midomo, au sindano ikimchoma mtu aliyekuwa akimshika farasi, huweza kuleta usingizi mzito, mapigo ya polepole na kushuka kwa shinikizo la damu. Ute wa chini ya ulimi hushikwa kwa glavu. Aliyepatwa na ajali hiyo asiendeshe gari kujipeleka mwenyewe hospitali.

Zailazini imepata sifa mbaya zaidi kwa njia nyingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa ikichanganywa na dawa za kulevya kisiwani Puerto Rico, ambako huitwa dawa ya usingizi ya farasi, kisha ikaenea Marekani bara. Mwezi Aprili mwaka 2023 Ikulu ya Marekani ilitangaza mchanganyiko wake na fentanili kuwa tishio jipya kwa taifa. Uingereza iliiweka katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa mwezi Januari mwaka 2025. Naloksoni, inayowazindua waliozidisha heroini, haiiondoi zailazini, ingawa bado hutolewa kwa sababu ya zile dawa nyingine zilizochanganywa nayo.

Kwa saisi aliyechomwa kwa bahati mbaya, ushauri ni mfupi: apelekwe hospitali mara moja, na chupa ya dawa iende pamoja naye, kwa kuwa daktari wa zamu huenda hajapata kulisikia jina lililoandikwa juu yake.